Hakuna Kitu Inaitwa "Gundi Tu"

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha.

Miaka miwili iliyopita niliweka video ya dakika moja nikisema Afrika iko na lithiamu, iko na kobalti, kwa hivyo dunia itakuja kutupigia magoti na sisi tutaomoka. Hadi leo hakuna video yangu imetazamwa kuliko hiyo. Kuna watu bado wananiita kwa barabara, "Wewe si ndio ule msee wa lithiamu?" Nacheka nao, lakini ndani naona aibu. Ile video ilikuwa nusu ukweli. Nusu ingine niliokota kwa video za watu ambao pia walikuwa wameokota.

Leo nataka tuongee kuhusu kitu niliacha nje. Haichimbwi. Haina jina kubwa. Hakuna mwanasiasa atavaa kofia ya mgodi apigwe picha nayo. Ni gundi. Ile gundi inashikilia unga wa betri usianguke. Na msimamo wangu ni huu, unaweza kuupinga ukiwa na hoja: sisi vijana wa hapa tumekuwa tukipigania kipande kibaya cha betri.

Sikuanza kufikiria hivi kwa sababu ya kitabu. Ni fundi mmoja pale Kariobangi. Yeye hununua betri za laptopu zilizokufa, anachagua seli ambazo bado ziko na maisha, anaunda tochi na taa za vibanda. Zile zimekufa kabisa anazifungua atoe shaba auze kwa kilo. (Usijaribu hii kitu nyumbani. Betri ya lithiamu ikiwa na chaji kidogo tu inaweza kushika moto mkononi mwako, na chumvi iliyo ndani ikikutana na unyevu inatoa gesi inayochoma mapafu. Hata yeye anafaa kuacha. Nilimwambia. Akaniuliza nitamlipa ngapi aache.)

Akakunjua utepe mrefu mweusi kutoka ndani ya seli. Alipoukunja kidogo, ile nyeusi ikaanza kuanguka vipande vipande, kama rangi ya ukuta wa nyumba ya zamani. Chini yake shaba ikang'aa.

Nikamuuliza, "Fundi, hii nyeusi ni nini?"

"Ni kama makaa."

"Na ilikuwa imeshikwa na nini hapo kwa shaba?"

"Ni gundi tu, kijana. Ikiachilia, betri imeisha."

Gundi tu. Nilienda na hiyo maneno mpaka nyumbani. Kwa sababu huyo mzee, ambaye hajawahi kukanyaga chuo, aliniambia kwa sentensi moja kitu ambacho mimi sikufundishwa kwa miaka miwili ya kusomea kemia.

Acha nieleze, polepole. Betri ya simu yako ama ya boda ya stima iko na pande mbili. Upande mmoja ni karatasi nyembamba ya shaba iliyopakwa unga wa grafaiti. Upande wa pili ni karatasi ya alumini iliyopakwa unga mwingine, wenye lithiamu. Hizo karatasi ni nyembamba kuliko unywele wako. Ukichaji, lithiamu inahama kutoka upande wa alumini inaingia ndani ya grafaiti. Ukitumia simu, inarudi. Enda, rudi, enda, rudi, mara mia, mara elfu.

Sasa angalia shida. Grafaiti ikijazwa lithiamu inavimba kama asilimia 10. Ikitolewa inanywea. Fikiria ukuta unaopumua kila siku. Unga ni unga, haujishikilii wenyewe. Ni lazima kuwe na kitu kinashika punje kwa punje, na punje kwa karatasi, na bado kiruhusu lithiamu kupita. Hicho kitu ni polima. Kwa uzito ni kidogo sana, mara nyingi asilimia 2 hadi 5 ya kile kimepakwa. Ukiweka nyingi, unazuia umeme. Ukiweka kidogo, unga unaanguka. Na punje ikishaachana na wenzake, hata kama iko na lithiamu tele ndani, haina njia ya kutoa umeme. Imekufa ikiwa imeshiba.

Betri huzeeka kwa sababu nyingi, siwezi kudanganya ati ni gundi pekee. Lakini bila gundi hakuna betri ya kuzeeka. Una ungaunga kwa mkebe.

Shosho yangu angeelewa hii bila shida. Alikuwa akikanda udongo na mavi ya ng'ombe akipaka ukuta. Mbona mavi? Kwa sababu ndani yake kuna nyuzinyuzi za majani ambayo ng'ombe hakumaliza kusaga, na hizo nyuzi zinazuia udongo kupasuka ukikauka. Jina la kisayansi la hizo nyuzi ni selulosi. Sasa skia hii: kwenye betri nyingi za leo, upande wa grafaiti umeshikwa na mchanganyiko wa aina fulani ya raba na kitu inaitwa CMC. CMC ni selulosi iliyobadilishwa kidogo na kemikali ndio iweze kuyeyuka kwa maji. Hiyo hiyo CMC iko ndani ya dawa nyingi za meno. Ulipiga mswaki asubuhi? Basi kuna uwezekano ulipiga mswaki na gundi ya betri.

Kwa hivyo mtu asiniambie hii ni sayansi ya wenyewe. Shosho alikuwa kwa laini hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hakuna mtu alimwandikia.

Upande wa pili, ule wa alumini, ndio uko na kesi. Huko gundi ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa polima inaitwa PVDF. Ni jamii ya zile kemikali za florini, watu wa mazingira wanaziita kemikali za milele kwa sababu hazitaki kuoza. PVDF ni ngumu, inavumilia volti za juu, hapo siwezi kuipinga. Lakini haiyeyuki kwa maji. Inataka kiyeyusho kinaitwa NMP. NMP inachemka karibu nyuzi 202, kwa hivyo kiwanda kinachoma umeme mwingi kukausha zile karatasi kwenye majoko marefu na kunasa ule mvuke usitoroke. Na mbona lazima unaswe? Kwa sababu NMP imeorodheshwa kule Ulaya kama kitu kinachoweza kudhuru mtoto aliye tumboni. Tangu Mei 2020 Umoja wa Ulaya una sheria ya kubana kiasi ambacho mfanyakazi anaweza kukutana nacho. Na mwaka wa 2023 nchi tano, Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway, zilipeleka pendekezo la kubana jamii yote ya kemikali za milele. PVDF iko ndani ya hiyo orodha.

Sasa rudi Kariobangi. Yule fundi akishatoa shaba na alumini, takataka anachoma nyuma ya kibanda. PVDF ikichomwa inaweza kutoa haidrojeni floraidi, na hiyo si moshi wa kuchezea. Ako na kikohozi kimemaliza mwaka. Siwezi kusema ni kwa sababu ya hiyo, mimi si daktari. Lakini nilisimama hapo dakika 20 na koo langu likawasha mpaka jioni. Ulaya wanajadili hii gundi kwa kamati. Sisi tunaipumua kwa uchochoro, na jina lake hatulijui.

Ndio maana nakasirika nikisikia "gundi tu".

Turudi kwa mawe, kwa sababu najua wengi wenu bado mko huko, kama vile mimi nilikuwa. Januari 2024 serikali ilitangaza koltani imepatikana Kenya. Mbogi yote ikalipuka, ati sasa tutaunda betri. Koltani haiundi betri. Inatoa tantalamu, ambayo inaenda kwa vifaa vingine vidogo vya elektroniki. Hatukuuliza, tulishangilia tu. Majirani wetu Congo wanatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Niambie kama yule kijana anayechimba Kolwezi ameomoka. Halafu viwanda vikaanza kusukuma betri za fosfeti ya chuma, zile ziko kwa boda nyingi za stima, na hizo hazina kobalti hata punje. Unaona hiyo? Mwenye ujuzi alibadilisha mapishi, na mwenye jiwe akabaki na jiwe. Zimbabwe mwishoni mwa 2022 walipiga marufuku kuuza nje mawe ghafi ya lithiamu. Nawapa heshima. Lakini hata wao, kusafisha jiwe ni hatua ya kwanza kati ya nyingi.

Kobalti inaweza kutolewa kwa mapishi. Nikeli pia. Wengine sasa wanaunda betri za sodiamu, hata lithiamu yenyewe imetolewa. Lakini betri zote hizo bado zinapakwa unga kwa karatasi ya chuma, na bado zinataka gundi. Gundi ndio imebaki kwa kila mapishi. Na sisi hatuna hata mtu mmoja mtaani anaijadili.

Na hapa ndio inauma zaidi. Wanaotafuta gundi mpya wanaangalia wapi? Kwa mimea. Wanataka polima zenye mikono mingi ya kushika, yaani sehemu ndogo za kemikali ambazo zinang'ang'ania punje na chuma kwa nguvu kuliko PVDF, na zinazoyeyuka kwa maji ya kawaida. Hii imekuwa muhimu zaidi kwa sababu wanataka kuweka silikoni mahali pa grafaiti. Kwa gramu moja, silikoni inaweza kubeba lithiamu karibu mara 10 ya grafaiti. Lakini inavimba vibaya sana, hadi karibu mara nne ya ukubwa wake. PVDF hapo inachanika. Mwaka wa 2011 watafiti wa Georgia Tech na Clemson kule Marekani walionyesha kwamba alginati, polima inayotoka kwa mwani wa kahawia, inashikilia silikoni vizuri kuliko gundi ya kawaida. Mwaka wa 2015 wengine wakachapisha kazi kuhusu gundi nyingine ya silikoni. Unajua ni gani? Gamu arabiki.

Gamu arabiki, buda! Ile utomvu wa mgunga. Inatoka Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir, Garissa, Mandera. Mti unapasuka ganda, unatoa matone, yanakauka kama vioo vya kahawia, na wafugaji wanaokota wakichunga. Angalia nyuma ya chupa ya soda, ukiona E414, ndio hiyo. Nyingi inatoka kwetu ikiwa ghafi, kwa gunia, na anayeokota ndiye analipwa kidogo kuliko wote.

Sasa kabla mtu aende kuweka video ati "Turkana itatengeneza betri za dunia", ngoja. Sitaki kufanya kosa lile lile mara mbili. Niseme yale wapinzani wangu watasema, kwa sababu yako na ukweli.

Kwanza, karatasi ya utafiti si kiwanda. Kutoka 2015 hadi leo betri za dukani hazijajaa gamu arabiki. Utomvu wa mti hubadilika kutoka mti hadi mti na msimu hadi msimu, na kiwanda cha betri hakipendi mshangao. Pili, upande wa alumini si rahisi kuhamia kwa maji. Unga wenye nikeli nyingi ukikutana na maji, lithiamu inatoka, maji yanakuwa makali na yanaanza kula karatasi ya alumini. Ule wa fosfeti ya chuma unavumilia maji vizuri zaidi, lakini bado ni kazi. Tatu, wale mama wanalima mwani kule Kibuyuni, Kwale, mwani wao ni aina nyingine, unatoa karagini, si alginati. Usichanganye.

Nakubali zote tatu. Lakini soma tena hizo pingamizi polepole. Utomvu unabadilika? Hiyo ni kazi ya kuchambua na kusafisha, na miti iko huku. Fosfeti ya chuma inavumilia maji? Boda zinazotumia hizo betri ziko hapa Nairobi, zinabadilishwa betri kila siku, na siku moja zote zitakufa. Hakuna hata pingamizi moja inayosema "haiwezekani". Zote zinasema "hamjafanya". Na kwa nini hatujafanya? Hapo ndio nafika kwa ile mada imenifukuza usingizi.

Chuoni tulikuwa na somo zima la polima. Tuliandika noti mpaka vidole vikauma. PVDF ilikuwa mstari mmoja kwa jedwali: jina, fomula, matumizi ni mabomba na rangi. Nilikariri, nikapita, nikasahau. Muhula mzima tuliingia maabara mara mbili, na mara ya pili stima ilipotea. Hakuna siku mtu aliweka gundi mbele yetu akasema, "Paka, kausha, vuta, uniambie mbona imeachilia." Halafu karo ikakwama, nikatoka mwaka wa pili. Sisemi hii unihurumie, nimejipanga na maisha yanasonga. Nasema kwa sababu naambiwa kila siku ati vijana hawapendi sayansi. Nani alitupatia sayansi tukaikataa? Tulipewa jedwali.

Wiki iliyopita nilijaribu mwenyewe. Nilinunua unga wa grafaiti kwa hadiwea, ule wa kulainisha kufuli, na gamu arabiki kutoka kwa mama mmoja Eastleigh. Nikayeyusha gamu kwa maji, nikachanganya, nikapaka kwa foili ya jikoni nikitumia kadi ya zamani ya ATM. Hii si betri, msianze. Ni jaribio la kushika tu. Ya kwanza nilikausha juu ya jiko kwa haraka. Ikapasuka kama tope la kiangazi, na nilipokunja foili juu ya kalamu, yote ikamwagika. Ya pili nilikausha kwa kivuli, usiku mzima. Hiyo niliikunja ikakaa. Nikabandika selotepu nikavuta, karibu nusu ikatoka, nusu ikabaki.

Nikaenda kusoma mbona. Kumbe ni shida inayojulikana hadi viwandani: ukikausha haraka, maji yakikimbia juu yanabeba gundi nayo, chini kwa chuma inabaki haba, unga unaachilia. Shosho alikuwa akitukataza kuwasha moto ndani ya nyumba iliyopakwa jana. Nilidhani ni ushirikina wa wazee.

Nilijifunza zaidi kwa ile foili ya jikoni kuliko kwa muhula mmoja. Vifaa vyote havikufika hata bei ya viatu. Hiyo ndio hasira yangu. Si ati tunakosa mabilioni, ingawa tunakosa. Tunakosa mtu wa kuona kwamba jambo dogo ni jambo.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Wewe uko chuoni kwa kemia, fizikia ama uhandisi: kabla uandike mradi wa mwisho kuhusu "mustakabali wa lithiamu Afrika", fikiria kuandika kuhusu gundi moja, mti mmoja, karatasi moja ya shaba. Pima, vuta, andika namba. Nyinyi mnaogawa pesa za "ubunifu wa vijana": acheni kulipia mahema, fulana na hotuba. Nunueni mashine ya kupaka karatasi, joko la kukaushia na kifaa cha kupimia seli ndogo, muweke mahali ambapo hata mtu aliyetoka chuo bila cheti anaweza kuingia. Na nyinyi wenye kampuni za boda za stima: mtuambie betri zenu zikifa zinaenda wapi. Gundi ya maji ingerahisisha kutenganisha unga na chuma bila moto. Lakini leo, sasa hivi, mtu anachoma. Nimemwona.

Ile video ya lithiamu sitaifuta. Naiacha hapo na hii posti nimeibandika juu yake, ndio mtu akija kushangilia mawe akutane na gundi kwanza.

Fundi nilimpelekea barakoa nzuri na nikamwelezea kuhusu moshi. Akanisikiza mpaka mwisho. Halafu akachukua ile foili yangu ya pili, akaikunja, akaikwaruza na kucha, akaniangalia.

"Hii umekausha wapi, kijana?"

"Kwa kivuli."

"Basi jaribu tena, upunguze maji."

Kesho najaribu tena.